Ubao wa Lukuledi Uliopanda Newala

Nanganga,
12 Novemba 1995

Mjomba Shamte,

Shikamoo. Huku kwetu tu wazima, kasoro goti la mama, ambalo limejipa kazi ya kutabiri mvua na kila siku linakosea. Korosho zimebeba vizuri mwaka huu, na wanunuzi wamekuwa wengi, kila mmoja na mzani wake na kila mzani na tabia yake. Mama anakusalimu sana, anauliza gauni alilokupa ulipunguze kiuno limefika wapi, maana alikupa nchi ikiwa na chama kimoja na sasa tumeshapiga kura ya vyama vingi.

Mjomba, nimepata kazi. Naomba usicheke kabla hujafika mwisho wa barua. Mabwana wa maji walikuja na gari lao, wakateremka mtoni Lukuledi karibu na daraja, wakasimika mbao za chuma zilizopakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba nyeusi, mfano wa rula ya mwanafunzi, ila kila moja ni ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Ziko tatu. Ya kwanza imesimama ndani ya maji kabisa, kwa ajili ya kiangazi. Ya pili iko juu yake kwenye ukingo, na ya tatu juu zaidi kwa ajili ya mafuriko. Mto ukijaa unapanda kutoka ubao mmoja kwenda mwingine, na ukipungua unashuka vilevile. Kazi yangu ni kwenda asubuhi na jioni, kuangalia maji yamegusa namba gani, na kuandika. Mwisho wa mwezi natuma karatasi. Kila kiangazi atakuja mkaguzi wao, Bwana Anthony, kuangalia kama mbao zote ziko pale pale na hazijainama, na kupima kasi ya maji kwa chombo chenye kijipangaboi kinachozungushwa na maji.

Posho yake si ya kumjengea mtu nyumba, lakini ni kazi ya serikali, na unajua siku hizi serikali inapunguza watu. Mimi imeniongeza.

Sasa neno lenyewe. Unamfahamu Pili, binti wa Mzee Mrisho wa hapo Newala. Tulijuana Ndanda alipokuwa anamuuguza bibi yake hospitali, na tangu siku ile sijapata usingizi wa maana. Mzee Mrisho alikwisha kusema binti yake haolewi na mtu asiye na kazi. Kazi ndiyo hii. Wewe ndiye mjomba wangu, bila wewe mimi sina mdomo wa kuposa. Nakuomba uvae kofia nzuri uende kwake. Najua yeye Mmakonde na sisi Wayao ni watani, na ulimi wake unaufahamu. Mwache amalize kututukana kwanza, ndipo upose.

Mpwa wako ninayesubiri roho juu,
Nurdini


Newala,
19 Desemba 1995

Mpwa wangu Nurdini,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu kondakta aliyepewa pale Masasi aliichomeka ndani ya kofia yake, na kofia ikaenda Lindi. Sisi tu wazima kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima Newala bila maji. Pampu ya kule bondeni imekufa tena. Cherehani yangu nayo inakwenda kinyumenyume. Zamani nilikuwa nashona suruali, sasa nafupisha suruali za mitumba za Wazungu, na hao watu wana miguu, mwanangu, sijui wanaikunjia wapi wakilala. Mwambie dada yangu gauni lake liko salama, asinikimbize.

Nilicheka kabla sijafika mwisho, niwie radhi. Nilimsomea mkazamjomba wako, naye akacheka mpaka akakaa chini. Mtu analipwa kwa kuangalia maji. Sisi huku tungelipwa kwa kuangalia yasipokuwepo, tungekuwa matajiri wa mkoa mzima.

Hata hivyo nilivaa kofia nikaenda. Tangu soko la korosho liwe huria, Mzee Mrisho amenunua mzani na amekuwa mnunuzi, na siku hizi haamini kitu ambacho hakijaning'inia kwenye ndoana. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye lile tangi lake la saruji la kukingia mvua, akimgombeza Mama Pili kwamba maji yanakwisha kwa sababu anaosha sufuria kama anamwogesha bwana harusi. Ugomvi huo ni wa miaka yote, tangu tangi lijengwe. Mama Pili anajibu kwamba hajachota zaidi ya ndoo zake za kawaida, naye Mzee Mrisho anajibu kwamba basi tangi linakunywa lenyewe.

Tulikaa. Akatutukana sisi Wayao wote, waliokufa na walio hai, kwa utaratibu mzuri. Alipopumzika nikaposa. Akauliza, "Huyo kijana akishayapima hayo maji, anayafanyia nini?"

"Anaandika," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu anatuma karatasi."

"Na maji?"

"Maji yanakwenda zake baharini."

Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Shamte," akasema, "mimi nikishapima korosho, korosho haziendi zake baharini."

Sikuwa na jibu, na wewe ndiye uliyeniponza kwa kutonipa. Ila hakukataa. Amesema hivi: ukae kwenye hiyo kazi mpaka huyo mkaguzi aje kiangazi. Mkaguzi akikuacha kazini, atasema neno la kheri. Mkaguzi akikufukuza, hata salamu usimtumie. Kwa hiyo, mwanangu, shika kazi kwa mikono miwili, na uniandikie upesi maji hayo yanapimwa ya nini.

Mimi mjomba wako niliyeaibika kwa ajili yako,
Shamte


Nanganga,
28 Januari 1996

Mjomba Shamte,

Shikamoo, na heri ya mwezi mtukufu. Mama hajambo, goti hatimaye limepata mvua lililokuwa linaitabiri, na sasa linajisifu. Mwishoni mwa Desemba tulifiwa na jirani yetu Bi Hajira, yule aliyekuwa anauza vitumbua karibu na kituo cha basi. Watani wa Newala walishuka wengi kuzika, Mzee Mrisho akiwa mbele yao. Walifanya vituko vyao vya kawaida. Mmoja alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna jingine la kueleza kuhusu msiba ule.

Uliuliza maji yanapimwa ya nini. Mwambie Mzee Mrisho hivi: mtu anayetaka kujenga daraja lazima ajue mto ukikasirika unafika wapi, la sivyo anajenga kitu cha kuoshwa. Anayetaka kuchota maji ya kupandisha huko kwenu lazima ajue kiangazi yanabaki kiasi gani, la sivyo analaza bomba kwenye mchanga mkavu. Na huwezi kujua kwa kuangalia siku moja. Mto ni kama mgeni, tabia yake unaijua akikaa sana. Ndiyo maana unaandikwa kila siku, hata siku ambayo haukufanya lolote.

Mto wenyewe hajambo. Mvua ni kubwa, maji yamepanda yamefika ubao wa pili. Ubao wa kwanza hauonekani, na hiyo ni kawaida kabisa kwa msimu huu. Mtu yeyote akikuuliza, mwambie ni kawaida. Mzee Mrisho akisema anataka kuja kuitazama kazi yangu, mwambie huku njia ni matope.

Nakuomba dua yako kuliko siku zote,
Nurdini


Newala,
3 Machi 1996

Mpwa wangu,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Tulikula vizuri, mvua imetujazia madumu yote, mkazamjomba wako ameoga mpaka amepauka. Dada yangu mwambie gauni liko kwenye cherehani, yaani liko juu ya cherehani.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu hainipendezi. Mtu aliyeniandikia ukurasa mzima kuhusu mbao tatu sasa ananiambia mmoja hauonekani, na ananifundisha la kuwajibu watu ambao hawajaniuliza. Mimi ni fundi nguo, Nurdini. Naijua suruali iliyotiwa kiraka kwa ndani.

Nikaenda kwa Mzee Mrisho kumpa jibu lako la daraja na bomba. Alinisikiliza vizuri mno, na hilo nalo halikunipendeza. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma kwenye tangi, akafunua mfuniko, akasema, "Chungulia." Nikachungulia. Ndani ya tangi, umesimama wima umefungwa kwa waya, kulikuwa na ubao wa chuma mweupe wenye namba nyeusi.

"Nimeuokota kwenye msiba," akasema, na macho yake yanacheka. "Ulikuwa umesimama mtoni peke yake, nikauonea huruma. Walisema una mwenyewe. Basi mwenyewe aje akomboe."

Nilirudi nyumbani nikakaa. Sasa niambie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla sijazua mawazo mengine.

Shamte, ambaye hajalala vizuri


Nanganga,
7 Aprili 1996

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Kuku wetu wamepona kideri. Haya.

Ni kweli, ni ule ubao. Siku ya msiba mto ulikuwa chini sana, mvua zilichelewa, ubao wa kwanza ulikuwa umesimama karibu wote nje. Mimi nilikuwa makaburini. Niliporudi jioni kusoma maji nikakuta shimo. Watoto wakaniambia Mzee Mrisho alikunja suruali akaingia, akautikisa ubao kama jino la maziwa, akaung'oa, na akaondoka nao begani akiimba. Aliuliza kwanza, "Kitu gani hapa Nurdini akikikosa atalia?" Wakamwonyesha. Kwa mtani lilikuwa jambo zuri kabisa, hata mimi kama lisingekuwa langu ningecheka wiki nzima.

Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Na sikuwaambia ofisi kwa sababu ningeandika nini? Niandike kwamba kifaa cha serikali kimechukuliwa na baba wa mchumba wangu kwa njia ya utani msibani? Bwana Anthony ni mtu wa mbali, ataniuliza jina la kosa hilo kwa sheria, na halina. Polisi nao siwezi. Ukimpeleka mtani polisi unachekwa mpaka unahama. Hata kukasirika siruhusiwi.

Mto ndio ulionisitiri. Siku chache baada ya msiba mvua zilishuka, maji yakapanda ubao wa pili, na pale pasipo na ubao pakafunikwa. Tangu hapo nasoma namba za haki, hakuna hata moja niliyobuni. Lakini sasa mvua zinakatika. Kila asubuhi maji yanashuka kidogo. Watu wengine wanafurahi kupata mabonde ya kulima mboga, mimi naona aibu yangu inavuliwa nguo polepole. Yakishuka chini ya ubao wa pili sitakuwa na cha kusoma, na Bwana Anthony akija atakuta shimo lile lile.

Mjomba, nenda ukomboe. Nimempa kondakta jogoo wetu mwekundu, mkubwa. Mpe Mzee Mrisho, msihi, mtukane kidogo inavyotakiwa, urudi na ubao.

Nurdini


Newala,
12 Mei 1996

Mpwa wangu Nurdini,

Marahaba. Sisi wazima. Jogoo alifika akiwa na hasira za safari, akamdonoa mkazamjomba wako, wakapatana baadaye.

Nilimpeleka kwa Mzee Mrisho kwa heshima zote. Nilimwambia, "Mwizi wa mito wewe, hii hapa fidia, toa mali ya watu." Akampokea jogoo, akamsifu manyoya, akamchinja, akamla pamoja na mimi, maana nisingeweza kukaa pale nikimtazama tu. Tulipomaliza nikauliza ubao. Akajifuta mdomo akasema jogoo ni fidia ya kuung'oa, bado fidia ya kuurudisha.

"Taja," nikasema.

"Aniletee mto wenyewe hapa juu," akasema, "niupime, halafu auchukue."

Lakini Nurdini, sikiliza nikuambie lililo ndani. Yule mzee utani umemwisha, sasa ni mapenzi. Anausoma ule ubao asubuhi na jioni, kama wewe. Macho yake hayaoni vizuri kwenye kivuli, kwa hiyo Pili ndiye anayeinama kwenye tangi na kutaja namba, naye anaziandika ukutani kwa mkaa, sebuleni, chini ya kalenda. Wageni wakija anawasomea. Kila namba ikishuka anamwita Mama Pili na kumwonyesha: "Jana hapa, leo hapa, haya sema." Yule mama amekonda. Zamani alikuwa anashutumiwa kwa maneno, sasa anashutumiwa kwa sentimita.

Nikajaribu njia nyingine. Unajua desturi yetu: mtu akishakuwa mkwe wako, utani naye umekufa siku hiyo hiyo, ni heshima tupu, hata kumtazama usoni ni shida, na chochote kilichochukuliwa kwa utani lazima kirudi. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, mkubali kijana leo, ubao urudi leo, kazi yake ipone." Akasema, "Akipona kazini ndipo nimkubali." Nikasema hawezi kupona bila ubao. Akasema ubao hautoki kwa mtani bila fidia. Nikasema basi aache kuwa mtani. Akasema ataacha siku kijana akiwa mkwe. Tulizunguka hapo mpaka adhana ya magharibi ikatuokoa.

Gauni la dada yangu nimeanza kulifumua.

Shamte


Nanganga,
9 Juni 1996

Mjomba Shamte,

Shikamoo. Mama hajambo, asema lifumue taratibu usije ukachoka.

Maji yamefika mguu wa ubao wa pili. Asubuhi hii yamegusa mstari wa mwisho kabisa, na jioni huenda yasiuguse. Nimechonga mwanzi, nimeutia alama kwa ile futi ya kushonea uliyowahi kunipa, nimeusimika palepale penye shimo, lakini ukipigwa na wimbi la ng'ombe wanaovuka unalala. Kila ninapoandika namba ya mwanzi naandika pembeni "mwanzi", kwa sababu siwezi kudanganya kuhusu mto, sijui kwa nini. Kwa mambo mengine naweza.

Barua ya Bwana Anthony imefika. Anakuja mwishoni mwa Agosti. Wenzangu wawili wanaosoma mito mingine wamekwisha kuachishwa, mmoja kwa sababu ubao wake uliinama tu. Haukupotea, uliinama.

Mjomba, mimi nampenda Pili. Naiandika hivyo hivyo ilivyo, uisome mwenyewe, usiwasomee watu. Nimejaribu kuwaza kuhusu binti mwingine, kwa nia njema kabisa, na imeshindikana. Nimewaza pia kuja Newala kuuiba ubao, lakini nikikamatwa kwenye tangi la baba yake nitaeleza nini? Niambie tu yeye anasemaje. Na uniambie bila mzaha.

Nurdini


Newala,
21 Julai 1996

Mpwa wangu mpenzi Nurdini,

Marahaba, marahaba sana. Leo salamu nitazifupisha, mzima ni mzima, mgonjwa atajitaja mwenyewe.

Mwezi uliopita Mzee Mrisho alichoka kubishana na mkewe akaweka kufuli. Alifunga bomba la tangi, akafunga na mfuniko, ufunguo akautia kamba akauvaa shingoni. Nyumba nzima ikawa inanunua maji kwa jirani. "Sasa tuone nani mwongo," akasema. Asubuhi akafungua, Pili akainama, akasoma. Maji yameshuka. Akamwambia asome tena. Yameshuka. Kesho yake vilevile, na ufunguo alilala nao.

Siku ya kwanza alisema ni jua. Siku ya pili alisema ni majini, akaniita mimi nishuhudie, sijui kwa nini fundi nguo. Nilikwenda. Tukiwa tumesimama pale, yeye anazungumzia majini, Pili akauliza kwa upole, "Baba, ule mpapai pale nyuma, nani anaumwagilia?"

Unaujua ule mpapai. Umeota nyuma ya tangi, unazaa kiangazi na masika, Newala yote ikiwa imekauka wenyewe unatoa mapapai makubwa, na Mzee Mrisho miaka yote anajisifu kwamba ardhi yake ina baraka. Tukaenda nyuma. Nilipiga magoti nikapapasa chini ya ukuta. Saruji ilikuwa na ufa mwembamba, udongo umelowa, na mizizi ya mpapai imeingia mle kama mtoto aliyeshika ziwa la mama yake.

Nilimtazama Mzee Mrisho. Sijawahi kumwona mtu mwenye maneno mengi kiasi kile akiyakosa yote kwa mpigo. Mama Pili alikuwa mlangoni. Aliingia ndani, akafunga kitenge chake na sufuria moja, akaenda kwa kaka yake Nurdini wa Kitangari, wajina wako huyo. Na wewe unajua huku kwetu neno la mama na kaka yake lina uzito gani kwa mtoto, baba hata apige kelele za namna gani.

Mzee Mrisho alikaa peke yake siku kadhaa akila papai, kwa sababu hajui kupika. Mwishowe akaja kwangu amenyoa ndevu, akaniomba nimsindikize Kitangari. Tulimkuta Mama Pili amekaa na kaka yake, ananawiri. Mzee Mrisho akaomba radhi. Hakuomba kwa mzaha, aliomba kama mtu, akasema miaka yote ile alimnyima mkewe maji ya kuogea akaupa mti. Mama Pili alilia kidogo. Halafu akafuta macho akasema atarudi, kwa jambo moja. Kijana mwenye ule ubao ndiye aliyemsafisha jina, ingawa mwenyewe hajui. Apewe Pili. Aachwe kazini, afukuzwe kazini, apewe. Kaka yake akasema na yeye ndivyo asemavyo.

Mzee Mrisho aliniangalia. Akaanza kusema mkaguzi, mkaguzi kwanza, Mama Pili akashika tena kitenge. Akakubali. Imekwisha, Nurdini. Wewe ni mkwe.

Pili aliponisindikiza nje nilimuuliza swali lako, bila mzaha, kama ulivyotaka. Alisema alikuwa anainama kwenye lile tangi kila asubuhi kusoma ubao wako kwa sababu wewe nawe ulikuwa unainama saa ile ile.

Ubao unarudi. Ameapa ataurudisha mwenyewe, kwa mkono ule ule ulioung'oa.

Mjomba wako, na sasa naandika kwa herufi kubwa, MSHENGA,
Shamte


Nanganga,
1 Septemba 1996

Mjomba wangu Shamte,

Shikamoo. Mama hajambo na amepokea gauni. Anashukuru. Linamkaa vizuri mkono mmoja, asema huo mwingine utamalizia siku ya harusi yangu, asikuchoshe.

Baba mkwe alifika kabla ya Bwana Anthony kwa siku chache, na ubao begani, umeoshwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Tangu nikiwa mdogo, kila aliposhuka huku kwenye misiba, yule mzee hajawahi kuniona bila kunitukana. Alikuwa ananiita mrefu wa bure, alikuwa anasema Wayao tulizaliwa tumelala. Nami nilikuwa namjibu, na tulikuwa tunacheka mpaka watu wanatoka nje kutazama. Sasa alisimama mbali, ameangalia chini. Nikachuchumaa nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti ndogo, kama mtu wa benki. Tukaenda mtoni, yeye mbele, mimi nyuma sana, bila neno.

Akakunja suruali akaingia. Nadhani hakuwahi kuutazama ule mto vizuri, ile siku ya msiba alikuwa na haraka ya kuiba. Kiangazi maji ni machache, lakini kwa mtu wa Newala yalikuwa mengi. Yalimpita miguuni yakaenda, mengine yakaja, naye amesimama tu ameshika ubao. Nikaingia nami, tukausimika, mimi nashika, yeye anagonga. Nikakagua kwa pimamaji na alama ya zege ambayo mabwana wa maji waliiacha ukingoni, namba ikakubali. Nilifurahi, Mjomba, lakini nilihuzunika pia. Nimepata mke, na yule mtani wangu, aliyenichekesha kuliko watu wote wa duniani, nimempoteza palepale nikiwa nimemshikia ubao. Niliona mdomo wake unafunguka, unakumbuka, unafungwa.

Bwana Anthony alikuja Alhamisi, akapima kwa kijipangaboi chake, akapiga darubini, akakuta mbao zote tatu sawasawa. Aliuliza "mwanzi" kwenye karatasi ni nini. Nikamweleza kila kitu, tangu kaburi mpaka mpapai. Alinisikiliza, akaandika neno moja, akasema nimebaki kazini. Neno lenyewe lilikuwa "mafuriko". Nikamwambia hayakuwa mafuriko. Akasema anajua, lakini kwenye fomu hakuna nafasi ya baba mkwe.

Ila hilo la baba mkwe sijalimaliza. Siku ile ile tuliyosimika ubao, jua likielekea kuzama, tulikuwa bado tumesimama ndani ya maji, hakuna anayethubutu kuondoka kwanza. Basi yule mzee akanipa mgongo kwa adabu zote, akauinamia mto, akauambia kwa sauti ya kusikika mpaka darajani:

"Mto we, nakusikitikia. Umeletewa mrefu wa bure akulinde, na hata ubao hajui kuushika. Nitakupa binti yangu akae hapa akuangalie, maana huyu atakuacha uibiwe tena."

Mjomba, sikuweza kumjibu yeye, ni mkwe wangu. Niligeuka upande wangu, nikauinamia mto, nikaujibu.